Walivyomkamata Songoro kwa Safari ya Babu Yake

Nilipostaafu, nyinyi vijana wa hoteli mlinifanyia sherehe, mkanipa kanga doti mbili na jiko la gesi, mkasema, "Bi Tausi, tuandikie kumbukumbu zako." Meneja wenu akaongeza kwamba niandike mambo mazuri mazuri, ili hata wageni wakitafsiriwa wafurahi. Nimemsikia. Mazuri yapo na mtayakuta. Ila mtu aliyetumia utu uzima wake wote kupikia wageni na kuwaonyesha mji huu wa Kigoma, halafu akaandika mazuri matupu, huyo ni mwongo au alikuwa amelala kazini. Mimi sikulala. Na hasira niliyoipata miaka ile ya wakimbizi bado sijaimaliza, kwa hiyo nayo mtaikuta humu.

Nilianzia jikoni. Siku ya kwanza mpishi mkuu, mama mmoja wa Katubuka tuliyemwita Mama Pili, alinisukumia beseni la migebuka, samaki wa ziwa letu, akasema, "Tengeneza." Nikapasua, nikasafisha, nikakata vichwa vyote nikavitupa kwenye ndoo ya taka. Kwetu Ujiji kichwa cha mgebuka ndicho kinachogombewa sahanini, lakini nilidhani kwa Wazungu ni uchafu. Mama Pili aliviokota kimoja kimoja, akaviosha, akavirudisha kwenye sufuria mbele yangu bila kunitazama. "Mgeni asiyejua kula kichwa utamfundisha," alisema. "Ukimkatia kabla hajakiona, umeshamwamulia kwamba hana akili."

Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Alinifundisha kwamba mawese yakishatoa moshi umechelewa, yamwage uanze upya, na kwamba ugali wa muhogo hausongwi na mtu anayezungumza. Mgeni alikuwa akifika mezani anaiogopa ile rangi nyekundu ya mchuzi, anauliza kama ni pilipili. Tunamwambia onja. Mwisho wa mlo anafuta sahani kwa tonge. Nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa mlango wa jikoni, na siwafichi, raha ile haikupungua hata siku moja.

Aliyenitoa jikoni ni Mzee Songoro. Yeye alikuwa mwongoza wageni wa hoteli tangu mimi sijapata akili, mtu mfupi, koti la kaki lililofifia, kofia ya mkono aliyoshonewa na mkewe. Wageni wake wengine walikuwa wanawake, na wakifika Ujiji walitaka kuona ndani ya nyumba, uani, jikoni, mahali ambapo mwanamume wa nje haingii hata awe na nywele nyeupe. Alimwendea Mama Pili akamwambia, "Niazime huyu binti, anaongea sana jikoni, atanifaa njiani." Nikaazimwa, na sikurudishwa.

Njia yake ilikuwa moja. Tunaanzia stesheni, kwenye lile jengo la Mjerumani ambalo hata aliyelichukia lazima alitazame mara mbili. Alikuwa anasema, "Mjerumani alijenga, Mbelgiji akapita, Mwingereza akapaka rangi, na sisi tukapanga foleni ya tiketi." Kutoka hapo tunakwenda ufukweni Kibirizi kuona dagaa, tunapanda Mwanga sokoni, tunakula, ndipo tunakwenda Ujiji. Kula kabla ya Ujiji ilikuwa sheria. Mtu mwenye njaa, alisema, ukimwonyesha historia anaona kivuli tu.

Na nyinyi mnaofanya kazi hii sasa, shikeni haya, ni yake na yote nimeyajaribu. Simama jua likupige usoni wewe, siyo mgeni. Kibirizi pita kandokando ya dagaa walioanikwa, usiwaruke. Mwenye dagaa anaona umemrukia sahani. Kabla mgeni hajatoa kamera, wewe uwe umeshasalimia, na ikiwezekana umeshanunua kitu. Na Mwanga sokoni usianze kuonyesha vitenge kabla hujaonyesha choo kilipo. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote na halifundishwi chuo chochote.

Pale Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu, waongozaji wengine walikuwa wanasimulia nusu saa nzima habari za wale Wazungu wawili waliokutana hapo. Songoro aliwamaliza upesi. "Walikutana hapa, wakasalimiana, mmoja alikuwa mgonjwa. Basi. Sasa nikuelezeni ya sisi tuliokuwa tumebeba mizigo." Hapo sauti yake ilikuwa inashuka. "Nilitoka Manyema mimi, Songoro, nina pembe ya ndovu kwenye bega hili. Nilitembea mpaka mguu nikausahau kama ni wangu. Nikafika ng'ambo ya ziwa, nikapakiwa mtumbwini, nikavuka. Niliposhuka hapa, mwanamke nisiyemjua alinipa ugali wa muhogo na dagaa. Nikala. Nikasema, mimi sivuki tena."

Mtu wa mbali atashangaa, maana misafara ile imekwisha zamani na Songoro alizaliwa wakati wa Mwingereza. Mtu wa Ujiji hashangai. Songoro alipewa jina la babu yake mzaa mama, na kwetu mwenye jina ndiye mwenye maneno. Mama yake mzazi alikuwa akimwita "baba" na kumpakulia kwanza. Babu akishafariki, mjukuu aliyeachiwa jina ndiye anayebaki na safari zake, na akizisimulia anasema "nilikuja", "nilivuka", "nilikula". Akisema "yeye alikuja", watu wazima barazani wanamkatiza: "Yeye nani? Kwani wewe hukuja?" Mimi mwenyewe nina jina la bibi yangu aliyekuja kwenye msafara huohuo wa watu wa Manyema, na nimekuwa nikisimulia jinsi nilivyouzwa kwa vitambaa tangu nikiwa na meno ya utoto. Ndivyo tulivyo. Nusu ya Ujiji ni watu waliovuka, na hakuna aliyeona haya kulisema mpaka miaka hiyo ninayotaka kuieleza.

Walianza Warundi, kwa miguu, kupitia milimani. Kisha vita vikawaka Kongo, na hao wakaja kwa maji. Kibirizi ikajaa boti zisizokuwa za dagaa. Wanawake walishuka na magodoro kichwani yakichuruzika maji, wazee wakashushwa mgongoni. Nakumbuka mama mmoja alishuka ameshika mwiko wa kusongea ugali, mwiko tu, hana kingine. Nilimuuliza anaupeleka wapi. Akanijibu kwa Kiswahili kilekile cha bibi yangu, "Miye nilikuwa nasonga walipoingia, mama. Sikujua kama ningali naushika."

Mji ukajaa magari meupe yenye antena ndefu. Watu wa misaada, watu wa magazeti, watu ambao hata wao hawakuwa na hakika ni wa nini. Hoteli iliyokuwa inalala na vyumba vitatu vyenye taa ikakosa nafasi. Vita vya wenzetu vilitujazia vyumba, huo ndio ukweli, na mshahara wangu ulitoka humo kama wa wengine. Meneja wa wakati ule, ambaye simtaji kwa sababu ana watoto na watoto hawana kosa, aliufuta mgebuka kwenye ubao wa chakula akaandika kuku na chipsi. Mama Pili alimuuliza kuku wa Kigoma ana nini ambacho kuku wa Ulaya hana. Meneja akamwambia wageni wa sasa hawana muda wa miiba.

Basi wageni hao wakawa wanakuja mapokezi asubuhi wanauliza, "Leo boti za wakimbizi zinafika saa ngapi?" Hivyohivyo, kama mtu anayeuliza sokwe wanashuka saa ngapi mtini. Kwa sokwe tulikuwa tunawapeleka wageni, kwa boti, huko kaskazini, na hilo halina ubaya. Sokwe haoni haya kuonekana akiwa na njaa. Meneja alimwambia Songoro aiongeze Kibirizi ya wakimbizi kwenye njia yake. Songoro akasema, "Kibirizi siku hizi hakuna cha kuonyesha. Kuna watu wanashuka." Meneja akamwambia hiyo ndiyo yenyewe wanayotaka kuiona. Mzee akavaa kofia yake akatoka. Kuanzia siku hiyo Meneja alimtazama kama mwiba uliobaki kwenye kuku.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imetangaza kwamba mkimbizi akae kambini, asionekane mjini bila kibali. Sawa, serikali ina yake. Lakini wakaletwa maofisa vijana kutoka mbali, hawaijui Ujiji, hawamjui Mmanyema wa hapa na Mkongo wa jana, wanasikia Kiswahili chetu wanasema hiki si cha Tanzania. Wakaingia Mwanga sokoni wakabeba mafundi cherehani, na mmoja wao baba yake alikuwa shehe wetu. Kila siku mtu alikuwa anapelekwa ofisini kuthibitisha kwamba yupo kwao. Wewe hebu jaribu kuthibitisha kwamba upo kwenu, uone unaanzia wapi.

Siku yenyewe ya Songoro ilikuwa mchana mweupe, pale mnarani Ujiji. Mimi nilikuwa nimewaleta wageni wanne, Songoro anasimulia, na pembeni amesimama kijana wa shati jeupe. Tulimdhania dereva wa wageni. Wageni, kumbe, walimdhania ni mtu wetu. Mzee alifika penye "nilipakiwa mtumbwini, nikavuka". Kijana akatabasamu vizuri kabisa. Mzee alipomaliza, kijana akamuuliza, "Mzee, umesema unaitwa nani?"

"Songoro."

"Na aliyevuka kutoka Kongo ni nani?"

"Songoro," Mzee alijibu, akifurahi kwamba amepata msikilizaji. Alidhani kijana anamchokoza kama watani wanavyochokozana barazani.

"Umevuka mara moja tu?"

"Ah, mwanangu, ziwa hili ni barabara. Nina shangazi Kalemie. Nimekwenda misiba huko, nimekwenda harusi."

"Una kibali cha kuishi Tanzania?"

Hapo ndipo Mzee alipoacha kucheka. "Kibali cha nini?"

Kijana akatoa mfukoni kitambulisho cha uhamiaji, akasema, "Mzee, umekiri mwenyewe mbele ya mashahidi. Twende."

Niliingilia kati. Nikamweleza habari ya jina, habari ya babu, habari ya "nilikuja". Nilieleza kama ninavyowaeleza hapa, taratibu, na nikamwambia amuulize mtoto yeyote anayepita. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mtu mzima anasema yeye ni babu yake, na unataka niandike hivyo ofisini? Na wewe kwenu wapi?"

"Kitongoni. Hapo nyuma yako, nyumba yenye mlango wa buluu."

"Wote mnasema hivyo," akanijibu.

Wale wageni wanne waliuliza kinachoendelea. Sikuwa na Kiingereza cha kutosha kwa jambo kama lile, na hata sasa sina. Mmoja alipiga picha Mzee akipandishwa kwenye gari. Mzee aliniambia kitu kimoja tu kupitia dirishani: "Tausi, hawajaona nyumba za zamani bado. Wamalizie." Nikawamalizia. Nilitembea nao mlango kwa mlango, naeleza nakshi na misumari ya shaba, na ninavyowaambia, sikuona nakshi wala msumari.

Walipoondoka nikapanda gari la dagaa mpaka hotelini. Nilimkuta Meneja mapokezi anahesabu taulo. Nilimwambia Songoro amekamatwa, njiani nimesikia anashikiliwa pamoja na watu watakaopelekwa kambini, na kwamba neno moja la mwajiri wake linatosha: huyu ni mtu wetu, amefanya kazi hapa tangu zamani. Nikamwambia malori yanaondoka asubuhi. Akaendelea na taulo.

"Bi Tausi," alisema, "hoteli hii ikisemwa kwamba inaajiri wakimbizi, nani atalala hapa?"

"Songoro si mkimbizi. Wewe unamjua."

"Mimi namjua kazini. Kwao simjui. Na nikienda pale kusema, watanigeukia mimi waniulize kwetu."

"Kwenu wapi?"

Alianza kuhesabu taulo upya. Akasema usiku ule kuna chakula cha wageni wakubwa, niende jikoni nikasaidie, na nisimletee siasa. Nilimwambia neno ambalo siliandiki hapa kwa sababu wajukuu zangu wanasoma. Mama Pili alilisikia kutoka jikoni, akavua aproni yake akaitundika msumarini, na wageni wakubwa usiku ule walipikiwa na kijana wa bustani. Ninavyosikia, kuku alikuwa mbichi kwenye mfupa. Alhamdulillahi.

Alfajiri tulikwenda ofisi ya uhamiaji, wanawake watatu: mimi, Mama Pili, na Bi Nyamizi. Huyu Bi Nyamizi alikuwa mkunga mkongwe wa Ujiji, macho yamekwisha lakini mdomo mzima. Tulikuta malori yameshaondoka. Walisema ya asubuhi, wakaondoka kabla ya adhana. Askari wa mlangoni akatuambia turudi nyumbani, hakuna kesi tena, mtu akishafika kambini ni mtu wa kambi.

Mama Pili hakubishana. Alikuwa amekuja na jiko la mkaa, sufuria na unga, maana alijua ofisi za serikali zinavyokalisha watu. Akawasha jiko palepale barazani. Akakaanga dagaa kwa mawese, harufu ikaingia madirishani, ikapita meza moja baada ya nyingine. Askari alitufukuza, kisha akaomba apakuliwe. Tulikaa hapo mpaka akatoka ofisa mtu mzima, Muha wa Kasulu, kichwa kimeanza mvi. Alipomwona Bi Nyamizi akainama akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama." Nikajua huyu amelelewa.

Bi Nyamizi aliinua mikono yake miwili akamwonyesha. "Songoro nilimpokea kwa mikono hii, nyumba ya pili kutoka msikitini. Alitanguliza miguu. Nilimgeuza mimi, mama yake anauma kanga. Sasa huyo kijana wako aliyemkamata, yeye alipokewa na nani? Mniletee huyo mkunga nimuulize kama alikuwepo."

Ofisa aliishika mikono ile. Akasema, "Mama, nimesikia. Nitapeleka neno kambini. Lakini jambo likishaingia huko, halitoki upesi." Alisema kweli. Mvua za vuli zikaanza Mzee angali kambini.

Nilimwona mara moja. Watu wa magazeti walihitaji mtu wa kuwatafsiria, Meneja akakosa mwingine, akanituma mimi na Kiingereza changu cha kazini, na sikukataa kwa sababu ndiyo njia pekee niliyoipata ya kuingia kule. Barabara ya tope, kisha mahema ya plastiki kilima kizima. Nilimkuta kwenye foleni ya mahindi, amevaa koti lake la kaki, kofia hana. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, Tausi. Umewalisha kabla ya kuwaleta?" Nikacheka nikalia kwa pamoja, mbele za watu.

Mwandishi aliyekuwa nami, mwanamke mwenye adabu zake, simlaumu yeye, alifurahi kuona mzee. Alikuwa anatafuta mzee aliyevuka ziwa. Akaniambia nimwombe asimulie alivyovuka. Nikamgeukia Mzee. Nilijua anayo yote mdomoni, pembe na mtumbwi na mguu uliosahaulika, na kwamba angeyasimulia vile, angewaliza wote waliokuwa kwenye foleni.

Mzee alisema, "Mwambie mimi ni mtu wa Ujiji. Sijavuka popote."

Nikatafsiri. Mwandishi akaandika, akasimamisha kalamu, akauliza, "Kwa hiyo ni Mtanzania?" Nikasema ndiyo, amewekwa humu kwa makosa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hiyo ni habari nyingine, yeye ametumwa kwa wakimbizi. Tukatafute mwingine. Tukaenda tukatafuta mwingine. Katika kazi yangu yote sijawahi kutembea njia ngumu kama ile ya kutoka kwenye foleni mpaka hema la mbele, namwacha mzee wangu nyuma na beseni tupu.

Walimrudisha kimyakimya. Gari lilimshusha karibu na msikiti, akaambiwa, "Mzee, kaa nyumbani." Hakuna pole, hakuna samahani. Yule kijana wa shati jeupe akahamishwa, na nasikia alipanda cheo huko alikokwenda. Najua mtaniambia nimsamehe, alikuwa anafanya kazi yake. Na mimi nilikuwa nafanya yangu, na Songoro yake. Kati yetu watatu aliyelala kwenye tope ni mmoja.

Kisha Meneja akaja Ujiji mwenyewe, amebeba sukari. Wageni walikuwa wamesikia habari za mwongozaji aliyepelekwa kambini kwa makosa, na walitaka kuongozwa na huyohuyo, wamuulize kambi ikoje. Meneja alikaa kwenye mkeka akasema hoteli imemkumbuka Mzee. Mzee alimkaribisha kahawa, akamsikiliza. Alipomaliza, akamwambia, "Mimi nimechoka kutembea." Meneja akarudi na sukari yake, mke wa Mzee alimrudishia mlangoni.

Tangu hapo hakusimulia tena. Barazani watu wa rika lake walimchokoza makusudi ili aanze: "Songoro, ulipofika kwenye ule mto wa mamba ulifanyaje?" Anajibu, "Mto gani?" Walicheka mara ya kwanza. Baadaye wakaacha kumuuliza. Ofisi ileile ya uhamiaji nayo ikatoa agizo kwa waongozaji wote: habari za misafara zisimuliwe kwa "wao", asionekane mtu akisema "mimi". Nililipinga agizo hilo mbele ya wakubwa mpaka nikaitwa mkorofi, nikaendelea kusema "nilikuja" kila nilipofika Ujiji, na nilifanya hivyo mpaka siku ya mwisho ya kazi. Meneja wenu wa sasa asishangae akilisoma hapa.

Sasa nimalize, maana jiko lenu la gesi linaniita. Mwaka uliofuata kurudi kwa Mzee kutoka kambini, binti yake wa mwisho alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya kumnyoa nywele tulikusanyika nyumbani kwa Mzee, wanaume barazani, wanawake uani, pilau motoni. Kila mtu alijua jina. Mzee alikuwa amezeeka, mjukuu amekuja, jina linashuka kutoka mabega haya kwenda haya, na pamoja nalo pembe na mtumbwi na yule mwanamke wa ugali. Binti alimweka mtoto mapajani mwa baba yake akasema, "Haya, baba. Mpe jina lako."

Mzee alimtazama mtoto mpaka pilau likaanza kunukia kuungua. Kisha akasema, "Mwiteni Juma."

Binti akadhani hakusikia vizuri. "Baba, jina lako."

"Juma," alisema tena. "Akina Juma wapo kila nchi. Hakuna atakayemuuliza ametoka wapi."

Hakuna aliyepinga, kwa sababu mwenye jina ndiye mwenye maneno. Ilikuwa zamu yangu kwenda uani kuwatangazia wanawake wapige vigelegele. Nilitoka, nikawaambia anaitwa Juma, nikafungua mdomo nipige cha kwanza. Kwa hasira nikaufunga tena. Wanawake wakanitazama, wananisubiri mimi nianze.